Uzi wa wavuta siga: siga yako haina ladha kwa sababu imekauka, njoo tuongee (niko Tabora)

MtotoWaBani:
Wakuu habari za jioni. Miaka yote humu mi ni msomaji tu ila leo nimeshindwa kunyamaza. Juzi nimekaa na jamaa wawili hapa mjini, mmoja kaja na siga ya hela ndefu kaletewa na shemeji yake kutoka Dubai, bwana yule akaiwasha kwa kiberiti cha petroli, akapiga pafu kumi za harakaharaka kama mtu anamalizia fegi basi limeshapiga honi, halafu ananiambia "hivi vitu vinasifiwa bure tu, vinanuka nyasi". Roho iliniuma jamani. Nilitamani nimnyang'anye.

Tuelewane kwanza, siga ninayoongelea ni ile nene ya majani matupu, haina karatasi haina kichungi, wazee wengine wanaiita biri. Sio sigara ya paketi. Na kama upo chini ya miaka 18 funga uzi kalale.

Mi ni mtoto wa bani kwelikweli. Nimezaliwa upande wa Urambo, nyumbani wanalima tumbaku ya mvuke tangu sijui kusoma, daftari zangu zote zimetoka kwenye marobota. Kwa ambao hamjui, bani ni kale kajumba ka tofali kenye tanuri chini na mabomba ya bati ndani, majani unayaning'iniza kwenye vijiti unachochea kuni karibu wiki nzima usiku na mchana, ukisinzia umeunguza au umepika rangi mbaya. Sasa pamoja na hayo yote siga yangu ya kwanza nimevuta nina miaka thelathini na kitu, na niliiharibu vibaya sana, na nilivyoiharibu ndo nikajua kumbe bibi alishanifundisha kila kitu ila sikujua kama ananifundisha.

Ilikuwa hivi. Nilizawadiwa siga mbili kwenye harusi, nikaziweka juu ya kabati kama mapambo, wiki tatu hivi. Mwezi wa nane. Nyie wa Tabora mnaujua mwezi wa nane wetu, vumbi, kaupepo kakavu, midomo inapasuka na visigino vinapasuka. Siku naitoa kuikata ganda likachanika kama la karanga, kuwasha ikashika moto wa kweli sio kaa, yaani ulimi wa moto unauona, dakika ishirini imeisha na ulimi wangu unawaka mpaka keshokutwa yake. Nikaapa sirudii.

Halafu usiku nimelala nikamkumbuka bibi. Bani likishapoa alikuwa hagusi kitu. Anaacha mlango wazi usiku, majani yavute unyevu. Alfajiri anaingia peke yake, anachukua jani moja analiminya kwenye ngumi, anaisogeza ngumi sikioni, halafu anafungua vidole taratibu. Likilia kracha kracha anafunga mlango anarudi kulala. Likinyamaza na likajikunjua lenyewe kiganjani kama kitambaa, hapo anaita watoto wote, shusheni vijiti. Maana ukiligusa kavu linageuka unga na hela ndo imeondoka hivo, na ukilizidisha maji litaota ukungu ndani ya robota na mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku, atalikataa sokoni mchana kweupe.

Sasa siga ni nini kama sio majani yale yale? Naendelea chini, ngoja niweke chai.

njiti_moja:
Nimekaa paleee mbele. Endelea mkuu

MtotoWaBani:
Haya. Unyevu. Hili nitalisema kwa kirefu maana wengi wanarukia kukata na kuwasha wakati siga ilishakufa kabatini.

Siga inatakiwa ikae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 mpaka 70, joto liwe la wastani, nyuzi 18 mpaka 21 ndo wanazosifia. Ikikauka chini ya hapo inawaka haraka na kwa joto kubwa, mafuta ya kwenye jani yameshaondoka na ndo yanayobeba harufu na ladha, kwa hiyo unavuta moshi wa moto mtupu. Ikizidi maji nayo ni shida nyingine, majani yanavimba, unavuta mpaka mashavu yanagusana, inazimikazimika na inakuwa chungu. Mi mwenyewe napenda 65, inawaka vizuri.

Kipimo cha bila kifaa: ishike kwa vidole viwili katikati, iminye kidogo sana. Inatakiwa ibonyee halafu irudi. Ikilia ni kavu. Ikibaki imebonyea kama mkate wa jana ina maji mengi. Ni ngumi ya bibi ile ile, ila usiiminye kama yeye utaivunja.

Pa kuwekea sasa. Wenye nazo wananunua humido, sanduku la mbao wanayoiita mwerezi wa Kihispania, japo ule mti kiukoo wala sio mwerezi, ni wa familia moja na mkangazi wetu. Sanduku zuri ila kama mfuniko haukufunga vizuri kiangazi cha Tabora kitakula unyevu wote kwa siku mbili. Mi natumia bakuli la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira na vibanio pembeni, jipya, lisiwe limewahi kuwekewa dagaa tafadhali, ndani naweka pakiti moja ya kudhibiti unyevu ya 65 na kipima unyevu kidogo cha betri. Basi. Nalifungua mara moja kwa wiki hewa ibadilike. Lipo chini ya kitanda kwenye sakafu ya saruji maana ndo sehemu yenye baridi kuliko zote nyumbani kwangu.

Joto nalo msilidharau. Kuna kadudu kadogo ka kahawia, waliowahi kutunza tumbaku ghalani wanakajua, mayai yake yanaweza kuwa ndani ya siga tangu kiwandani, joto likipanda kwenye nyuzi 24, 25 huko yanaanguliwa na unakuta siga imetobolewa vitundu kama vya sindano, vumbi linamwagika. Mwezi wa kumi hapa kwetu joto linapita 30 mchana, kwa hiyo siga ngeni zote nazifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, naweka kwenye friza siku tatu, nahamishia kwenye friji ya kawaida siku moja, ndo natoa. Ukitoa kwenye friza moja kwa moja ganda linaweza kupasuka.

Mgebuka wa Kibirizi:
Mkuu salamu kutoka Kigoma. Huku tatizo letu kinyume chako, mi nakaa karibu na ziwa, masika ya mwaka juzi nilikuta siga nne zimeota manyoya meupe na ya kijani nikadhani ndo zimeiva hahaha, kuna jamaa akaniambia "hiyo ndo dalili ya siga nzuri futa uvute". Nikafuta nikavuta. Sitaki kuongelea yaliyofuata.

Ila kwenye 65 hapana nakupinga. Nami nina bakuli kama lako na kipima unyevu, zangu ziko 70 mwaka wa pili sasa na zinawaka freshi kabisa. 65 ni ya watu wenye haraka.

MtotoWaBani:
@Mgebuka wa Kibirizi pole sana mkuu, manyoya ni ukungu, hakuna hadithi nyingine. Kidogo kwenye ganda watu wanafuta, ila ukishaufikia mguu wa siga pale yanapoonekana majani ya ndani, au ni wa kijani, tupa. Robota la namna hiyo mteuzi halipigi hata jicho la pili.

Kwenye 70 sikubaliani. Siga yangu ikifika 70 inaninunia.

Shangazi Ulyankulu:
Wanangu mimi sivuti ila nimelima tumbaku miaka ishirini na mbili na nimecheka hapo kwenye ngumi, ni kweli kabisa, mama mkwe wangu alikuwa anafanya hivyo hivyo. Swali langu, sasa kama ni majani yale yale kwa nini nisikunje majani ya bani langu niwauzie nyie wenye hela? Daraja la kwanza kabisa, rangi ya chungwa, linanukia kama asali.

MtotoWaBani:
Shikamoo shangazi. Swali hili ndo nililokuwa nalisubiri maana mi mwenyewe nilishajaribu, nilikunja majani ya kaka yangu nikafunga na uzi. Lilikuwa linanukia vizuri kweli kabla ya kuwasha, pafu ya pili nikadhani nimeuma pilipili.

Sababu ni hii. Sisi tunalifungia jani kwenye joto, siku chache linakuwa njano, tunapandisha mpaka nyuzi 70 hivi uti wa katikati unakauka, sukari ya jani tumeifungia humo humo ndo maana linanukia asali. Jani hilo limetengenezwa kwa ajili ya sigara. Moshi wake una asili ya tindikali kidogo, ndo maana mvuta sigara anaupeleka mpaka kwenye mapafu. Ukilikunja nene hivo sukari inaungua kwa wingi na linauma ulimi.

Jani la siga halipikwi. Linaning'inizwa kwenye banda lenye hewa, wiki sita, nane, linakauka polepole na sukari inaliwa yote. Halafu wanalirundika marundo makubwa, linapata joto lenyewe kama vile rundo la samadi linavyofuka asubuhi, wanapindua, wanarundika tena, miezi, mengine miaka. Pale ndo ule ukali wa amonia unatoka. Moshi wake sio wa tindikali, ni kinyume chake, kwa hiyo nikotini inaingia kupitia mdomoni humo humo, huna sababu ya kuumeza na ukiumeza utakohoa mpaka uone nyota.

Shangazi unajua pia kwamba mche mmoja una majani ya aina tofauti, ya chini mepesi, ya kati, na yale ya juu mazito yaliyopigwa jua sana. Wenzetu wa Kuba, pale Vuelta Abajo mkoa wa Pinar del Río, wanayaita majina kabisa, la chini volado linasaidia kuwaka, la kati seco ndo la harufu, la juu ligero ndo lenye nguvu. Ndani ya siga wanayachanganya, ligero wanaliweka katikati maana linaungua taratibu. Halafu jani la kufungia, halafu ganda la nje, na ganda hilo ndo ghali kuliko yote. Hata Afrika tumo, kuna ganda zuri sana linatoka Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, lina ladha tamu yenye kaharufu ka kungumanga hivi.

Shangazi Ulyankulu:
Marahaba mwanangu. Basi nimeelewa, mnalipa hela kwa jani lililokaa.

MtotoWaBani:
Hahaha ndio shangazi. Haya tuwashe sasa.

KUKATA. Siga ina kichwa na mguu, kichwa ni pale palipofungwa kofia ya jani, ndo unapoweka mdomo. Kata kofia tu, milimita mbili hivi, juu ya mstari ambapo kofia inaungana na mwili. Ukishusha kisu chini ya mstari ganda lote linafunguka kama bandeji. Kisu chenyewe kiwe kikali, kata kwa mkupuo mmoja usisite. Mi nilianza na wembe mpya na haukuniangusha. Meno hapana. Najua mmeona kwenye filamu, hapana.

Kabla hujawasha vuta hewa kavu mara mbili tatu. Utasikia ladha ya baridi, mbao, nyasi kavu, kakao saa nyingine. Na utajua kama inapitisha hewa. Ikiwa ngumu sana ipapase kwa vidole polepole pale ilipokaza.

KUWASHA. Kiberiti cha petroli kitakupa siga yenye ladha ya bodaboda. Mshumaa nao una harufu yake. Tumia kiberiti cha gesi au njiti za mbao, ila njiti isubiri kwanza kile kichwa kiishe kuungua ndo uilete. Shika siga pembe, moto uwe chini yake bila kuigusa, zungusha mpaka mguu wote uwe mweusi wenye kaukingo kekundu. Hapo bado hujaweka mdomoni. Halafu weka, vuta taratibu huku unazungusha na moto upo karibu. Ukimaliza upulize mguu uangalie, kaa liwe limeenea duara zima. Ukiwasha upande mmoja itaungua upande mmoja mpaka mwisho na utatukana kiwanda cha watu.

KASI, na hapa jamaa yangu wa Dubai ndo alipofia. Pafu moja kwa dakika. MOJA. Ukienda mbio kaa linapata joto, lami inakusanyika, ladha zote zinageuka kuwa uchungu mmoja. Ukichelewa sana inazima, na kuzima sio dhambi, puliza nje moshi uliolala ndani, gonga majivu, washa tena. Siga ya saizi ya kawaida, inchi tano kwa unene wa 50, na 50 maana yake 50 ya 64 za inchi, karibu milimita 20, hiyo ni dakika arobaini na tano mpaka saa nzima. Kama huna saa nzima usiwashe, vuta kitu kingine au usivute. Mi najipima hivi, nakaa chini ya mwembe wa nyumbani, navuta pafu, naiweka chini, napiga stori mpaka nisahau, nikikumbuka ndo navuta tena.

Majivu yaache yakae, sentimita mbili hivi, yanasaidia kaa lisipate joto kali. Usiyakung'ute kila sekunde kama sigara, yaegemeze kwenye kisahani yataanguka yenyewe.

njiti_moja:
Mkuu mi kila nikivuta nasikia "moshi" tu. Watu wanasema wanasikia ngozi, kahawa, karanga, udongo uliopigwa na mvua. Wanadanganya?

MtotoWaBani:
Hawadanganyi ila wengine wanaongeza chumvi. Kitu ambacho hawakukwambia ni pua.

Siku ukiwa na mafua makali ukala ugali na mgebuka, unasikia nini? Chumvi tu na moto wa pilipili. Samaki humsikii, maana ladha nyingi tunazisikia kwa pua kupitia nyuma ya koo. Siga hivo hivo. Vuta moshi ukae mdomoni, usiushushe. Toa karibu wote kwa mdomo, ukibaki kidogo sana funga mdomo, usukume hicho kilichobaki kitokee puani huku unatoa pumzi, usivute ndani, unatoa. Mara ya kwanza itawasha kama kachumbari yenye pilipili mbuzi, machozi yatakutoka, kawaida. Anza na kiasi kidogo mno na siga nyepesi. Fanya mara moja kila pafu tano sita, sio kila pafu. Siku nilipofaulu nilisikia karanga za kukaanga waziwazi, nikageuka nyuma kuangalia nani anakaanga.

Na siga inabadilika njiani. Theluthi ya kwanza tulivu, katikati ndo ukumbi umejaa, mwisho inakuwa nzito. Ikianza kuuma iache ijifie yenyewe kwenye kisahani. Hakuna zawadi kwa anayeunguza vidole.

Mgebuka wa Kibirizi:
Hapo kwenye pua nasaini. Na kinywaji je? Mi huku natumia kahawa ya Manyovu nyeusi bila sukari, nanunua mbichi nakaanga mwenyewe. Jioni jua linazama upande wa Kongo, siga mkononi, wavuvi wanawasha taa zao za dagaa moja moja mbali huko. Wewe mtu wa nchi kavu sijui unaangalia nini.

MtotoWaBani:
Naangalia treni yako imechelewa hahaha.

Kahawa hiyo nimeinywa, hujakosea. Mi kwangu ni chai ya rangi yenye tangawizi kidogo, na maji ya kawaida pembeni lazima, unasukutua mdomo kati ya pafu. Wengine wanaweka ramu, sawa, ila pombe kali nyingi inaua ulimi na baada ya glasi ya tatu hata ukivuta mkeka hutajua. Bia ya baridi sana nayo inafanya mdomo ufe ganzi. Na usivute umetoka kula kitu chenye kitunguu saumu kingi, utavuta kitunguu.

Kalunde_tbr:
Vipi nikipaka asali ya nyuki wadogo kwenye ganda, si itakuwa tamu? Hapa Tabora asali tunayo ya kumwaga.

MtotoWaBani:
Dada usifanye hivo. Sukari kwenye ganda inaungua inakuwa uchungu wa sufuria lililoungua, ganda linanata, siafu wanapata sherehe na ukungu unapata chakula. Asali iweke kwenye chai, unywe chai, vuta siga. Zinakutana mdomoni zenyewe.

Fundi Selemala Isevya:
Mi fundi mbao, naweza kuwatengenezea masanduku ya mninga kama mpo serious

MtotoWaBani:
Fundi kazi zako nadhani nazijua, nzuri. Ila mbao yenye harufu yake itaihamishia kwenye siga, mninga mi nisingethubutu. Tengeneza kabati zuri la nje, ndani tuweke bakuli letu la plastiki, tutakuja.

njiti_moja:
Jana nimejaribu yote mkuu. Pua nimefanya mara tatu. Nusu ya siga jasho likanitoka, kichwa kinazunguka, nikatapika nyuma ya nyumba mke wangu akadhani ni malaria. Nini ile?

MtotoWaBani:
Ulikula?

njiti_moja:
Sijala tangu saa nne

MtotoWaBani:
Ndo hiyo. Nikotini mkuu. Shangazi Ulyankulu atakuwa anaijua kwa mlango mwingine, siku ukichuma tumbaku mbichi yenye umande asubuhi na nguo zimelowa, ikifika saa tano unazunguka na unatapika, wengi wanadhani ni njaa au homa kumbe nikotini imeingia kupitia ngozi. Mi nimeshatapikia shamba la watu nikiwa darasa la tano.

Siga kula kwanza, chakula cha maana. Ukianza kusikia kizunguzungu weka siga chini, usiizime kwa hasira iache tu, kunywa maji, chukua kitu chenye sukari, soda au kijiko cha asali, kaa sehemu yenye hewa. Na kwa mwanzoni tafuta siga nyepesi, ya ganda la rangi ya hudhurungi iliyopauka, japo rangi ya ganda peke yake sio kipimo cha nguvu, ya ndani ndo yanaamua.

Nesi wa Zamu:
Samahani kuwaharibia jioni. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na paketi nzima ya sigara. Na hiyo habari ya "simezi moshi" haikukingi na saratani ya mdomo, koo na umio. Kidonda mdomoni kisichopona wiki mbili njooni hospitali msisubiri. Na msivutie karibu na watoto.

MtotoWaBani:
Dada sibishi hata neno moja. Mi nina mbili kwa mwezi, nje, chini ya mwembe, watoto wameshalala. Mtu anayetaka kila siku mi sio mwalimu wake.

Kalunde_tbr:
Siga zangu zimeshakauka kama zako za harusi. Zinafufuka?

MtotoWaBani:
Zinafufuka nusu. Kilichosafiri kimesafiri, ila zitawaka vizuri. Kosa ni kuharakisha, watu wanaweka kitambaa kibichi zinavimba ndani ganda linapasuka. Weka kwenye bakuli lenye pakiti ya 65 usahau mwezi mzima au zaidi, bani linafunguliwa mlango usiku, halimwagiwi ndoo ya maji. Kama huna pakiti tumia kasponji kapya kenye maji yaliyotolewa madini, kaloweshe ukakamue mpaka kasidondoke, kasiguse siga. Maji ya bomba yanaleta ukungu.

Fundi Selemala Isevya:
Maji ya betri ya gari si ndo hayo hayo?

MtotoWaBani:
Fundi kuna chupa ya maji na kuna chupa ya asidi, na zinakaa shelfu moja. Usicheze. Ulizia famasi.

Halafu @Mgebuka wa Kibirizi bado sijakusahau na 70 yako. Kipima unyevu chako umewahi kukihakiki? Vile vidogo vinadanganya sana. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi, dondoshea maji kidogo iwe uji mzito isiyeyuke yote, weka na kipima ndani ya mfuko uliofungwa kabisa, acha usiku mzima mpaka kesho jioni. Hewa ya humo ndani inakwenda asilimia 75, ndo tabia ya chumvi ya mezani ikiwa imeloa hivo. Kikisoma tofauti unajua kinakosea kwa ngapi. Na nyie chumvi mnayo ya Uvinza hapo hapo huna kisingizio.

Mgebuka wa Kibirizi:
Nafanya usiku huu. Nikishinda unaninunulia siga.

MtotoWaBani:
Sawa. Nami nafanya yangu.

Mgebuka wa Kibirizi:
Wakuu nimerudi. Masaa ishirini na moja, chumvi ya Uvinza, mfuko nimefunga mara mbili. Kimesoma 79.

njiti_moja:
Kwa hiyo?

MtotoWaBani:
Kwa hiyo kinaongeza nne. 70 yake ni 66 😂😂😂

Mgebuka wa Kibirizi:
Miaka miwili nabishana na watu mtandaoni. Chako kimesoma ngapi?

MtotoWaBani:
74. Kwa hiyo 65 yangu nayo ni 66.

Shangazi Ulyankulu:
Mngeminya tu kwa mkono.